Ndege Moja, Siku Moja: Kurudisha Sare za Zamani za Ndege za Abiria Kwenye Simuleta

Kwa wiki tatu nilipaka rangi ndege ambayo haikuwahi kuwapo duniani. Ilikuwa Boeing 707 ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na niliitengeneza kwa kufuata slaidi moja nzuri ajabu, yenye mwanga wa asubuhi na rangi zilizokaa sawasawa, iliyoonyesha nusu ya nyuma ya ndege kuanzia bawani hadi mkiani. Nilifuatisha kila mpindo wa utepe unaopita madirishani, nikachora mpaka mistari ya milango, nikaiweka bendera ndogo mahali pake, kisha nikawagawia wenzangu wanaorusha ndege kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoigiza urushaji wa ndege. Kesho yake nilipata ujumbe kutoka kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ufundi wa ndege. "Mwanangu," aliandika, "kazi ni nzuri, ila milango ya mizigo umeihamishia kushoto lini?"

Nilirudi kwenye slaidi nikiwa na hakika kwamba mzee amesahau. Hakuwa amesahau. Milango ya mizigo ya 707, ile iliyo chini ya sakafu ya abiria, iko upande wa kulia, kwa kuwa abiria hupandia kushoto na haifai watu na mikokoteni wagombanie upande mmoja. Slaidi yangu ilionyesha pua ya ndege ikielekea kushoto, yaani tulikuwa tukitazama ubavu wa kushoto, na hapo chini ya madirisha ulikuwapo mlango wa mizigo ukiwa wazi kabisa, nami nimeutazama kwa wiki tatu bila kuuona. Aliyeiskani slaidi ile aliiweka kinyume. Kwa kuwa hapakuwa na herufi hata moja ndani ya fremu, hakuna kilichoonekana kimegeuzwa. Kwa hiyo nilikuwa nimeuchora ubavu wa kulia upande wa kushoto, na upande wa kulia nikaujaza kwa kukisia.

Kosa hilo lilinifundisha kazi hii kuliko maelekezo yote niliyokuwa nimeyasoma. Hadi wakati ule niliamini kwamba kurudisha sare ya ndege ya zamani ni kazi ya kuchora. Siku hizi naihesabu kuwa kwanza ni kazi ya kutafuta tarehe. Sare, yaani ule mpangilio wa rangi, tepe, maandishi na nembo ambao shirika huvisha ndege zake, haikuwahi kukaa vilevile kwenye kundi zima la ndege kwa miaka kumi. Ndege iliingia karakana ikatoka na herufi kubwa zaidi. Nyingine ikabaki na mkia wa zamani kwa miezi kadhaa kwa sababu zamu yake haijafika. Ya tatu ikakodishwa, ikarudi na nusu ya rangi za aliyeikodi. Mtu akiniambia kwamba anataka "sare ya Pan Am ya miaka ya sitini", lile shirika la Marekani, humuuliza ni ndege ipi, na ni mwezi gani. Kila ndege ya shirika lile ilikuwa na jina lake lililoanza na neno Clipper, limeandikwa karibu na pua, na baadhi yao zilibadilishwa majina zikiwa bado kazini. Kwa hiyo hata neno dogo kama hilo lina mwanzo na mwisho wake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Super VC10, ndege za jeti za Uingereza, zilizoandikwa BOAC-CUNARD. Ushirikiano wa BOAC, shirika la ndege la Uingereza, na kampuni ya meli ya Cunard ulianza mwaka 1962 ukavunjika mwaka 1966. VC10 ya kawaida ilianza kubeba abiria tarehe 29 Aprili 1964 kutoka London kwenda Lagos, na Super VC10 ikafuata tarehe 1 Aprili 1965. Ukiziweka tarehe hizo pamoja utaona kwamba Super VC10 yenye maandishi hayo mawili ilibeba abiria kwa muda mfupi sana, kuanzia 1965 hadi 1966 basi. Mtu akiipaka ndege hiyo na kuiweka kwenye kiwanja kilichojaa Boeing 747, ambazo zilianza kubeba abiria mwaka 1970, amekusanya watu wasiowahi kukutana. Mwisho wa maisha ya BOAC nao una mtego wake. Shirika hilo na mwenzake wa Uingereza, BEA, yalipounganishwa kuwa British Airways mwaka 1974, zilionekana ndege zenye jina jipya ubavuni na mkia ule ule wa buluu nzito wenye Speedbird ya dhahabu, nembo iliyotokana na ile aliyoichora Theyre Lee-Elliott mwaka 1932 kwa ajili ya Imperial Airways. Wengi hudhani picha hizo zimechezewa. Mimi ndizo ninazozitafuta kwa udi na uvumba, maana sare ya mpito ina tarehe ndani yake.

Kwenye aina ileile ya ndege kuna Super VC10 tano za East African Airways. Zilisajiliwa katika nchi tatu, hivyo utakuta 5X-UVA ya Uganda, 5H-MMT ya Tanzania na 5Y-ADA ya Kenya ndani ya shirika moja. Kishawishi kikubwa ni kuchora moja, kisha kubadilisha namba tu na kuziita tano. Lakini tatizo hutangulia hapo, kwenye modeli yenyewe, yaani umbo la ndege ndani ya kompyuta ambalo rangi huvishwa juu yake. Modeli nyingi huanzia kwa ndege za BOAC, na zile za Afrika Mashariki zilikuwa na mlango mkubwa wa shehena upande wa kushoto mbele, ambao za BOAC hazikuwa nao. Asiyeijua tofauti hiyo atapaka rangi sahihi juu ya ndege isiyo yake. Siwezi kukata tundu kwenye modeli ya mtu mwingine, lakini mpaka wa mlango unaweza kuchorwa kama mstari mwembamba wa kivuli ndani ya picha ya ngozi, ile inayoivisha modeli, pamoja na namna utepe unavyopita juu yake, na kwa macho ya anayesimama mita kumi kutoka kwenye ndege hiyo inatosha.

Baada ya tarehe huja vipimo, na hapa nina rula ambayo haijawahi kuniangusha: madirisha. Kwenye Boeing 707 umbali kutoka katikati ya dirisha moja hadi katikati ya jirani yake ni inchi 20, yaani sentimita 50.8. Picha iliyopigwa kwa ubavu kamili ukishaipata, kila kitu kilicho karibu na madirisha kinapimika. Herufi iliyoanzia katikati ya dirisha la nne ikaishia katikati ya la sita ina upana wa karibu mita moja. Utepe ulio na unene wa robo ya nafasi ya dirisha una sentimita kumi na mbili hivi. Sipimi tena kwa macho. Rula hiyo ina mpaka wake, kwa sababu DC-8, ndege ya Douglas ya enzi hiyohiyo, ina madirisha makubwa na machache zaidi, na shirika lililokuwa na ndege za aina zote mbili lililazimika kuyapanga maandishi yake upya. Kunakili herufi kutoka kwa moja na kuzibandika kwenye nyingine huleta ile hali ya kuona kuna kitu hakijakaa sawa bila kujua ni nini.

Vipimo hivyo vinapoingia kwenye kompyuta vinakutana na pikseli, vile vidoti vidogo vinavyounda picha. 707-320B ina urefu wa karibu mita 46.6 kutoka puani hadi mkiani. Ukiilaza yote kwenye picha yenye upana wa pikseli 4096, kila pikseli inabeba zaidi kidogo ya sentimita moja. Kwenye picha za pikseli 1024 zilizokuwa za kawaida katika modeli nyingi za Flight Simulator ya Microsoft ya 2004, pikseli moja ilibeba sentimita nne na nusu, na mstari mwembamba wa dhahabu unaotenganisha buluu na nyeupe ulikuwa hauna pa kukaa. Ndiyo maana sare nyingi za enzi hizo zina mistari minene kuliko ukweli. Siwalaumu waliozichora, walikuwa wakishona shati kwa uzi wa kamba.

Mstari huo mwembamba una adui mwingine, naye alinisumbua kwa muda mrefu kabla sijamjua. Faili za DDS, ambazo simuleta za Microsoft zinazitumia, huzibana picha kwa kuzigawa katika vipande vya pikseli nne kwa nne. Katika mbano wa zamani wa DXT1, kila kipande huhifadhi rangi mbili tu, na nyingine zozote ndani yake huchanganywa kutoka kwa hizo mbili. Sasa fikiria mahali ambapo nyeupe, dhahabu na buluu zinakutana ndani ya kipande kimoja. Kompyuta inachukua nyeupe na buluu, na dhahabu inageuka kuwa kijivu cha vumbi. Nilikuwa nikiongeza manjano kila siku na kila siku mstari unatoka mchafu. Dawa yake ni rahisi hadi inaudhi: ukingo wa mstari uanzie kwenye pikseli inayogawanyika kwa nne, na mstari wenyewe uwe na unene wa pikseli nne kamili. Kwenye picha ya 4096 hiyo ni kama sentimita nne na nusu, unene unaokubalika kwa mstari wa namna hiyo.

Kuhusu rangi zenyewe, nimekuwa mgumu wa kuamini macho yangu, na zaidi macho ya wengine. Slaidi za Kodachrome, filamu iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, hukaa vizuri sana zikihifadhiwa gizani. Filamu na karatasi nyingine nyingi za zamani huchujuka, na kila moja huchujuka kwa njia yake, hii ikielekea wekundu na ile ikipoteza buluu. Ndege ileile yenye buluu moja itaonekana zambarau kwenye picha ya kwanza na kijani cha bahari kwenye ya pili. Wapo wanaochukua kifaa cha kunyonya rangi kwenye programu, wakabofya katikati ya utepe na kuandika namba inayotoka. Namba hiyo ni ya filamu, ya jua la siku ile na ya skana. Rangi ya ndege imo humo kama chumvi ndani ya mchuzi, huwezi kuitoa peke yake. Namba za Pantone nazo hazisaidii kwa sare za zamani zaidi, kwa kuwa mfumo huo wa kulinganisha rangi ulitoka mwaka 1963.

Ninachofanya ni kutafuta ndani ya picha kitu ambacho rangi yake naijua bila kubahatisha. Juu ya ndege nyingi za enzi ile pana nyeupe, iliyopakwa ili kurudisha jua na kupunguza joto ndani, na nyeupe hiyo ndiyo shahidi wangu wa kwanza. Kama imeelekea unjano, picha nzima imeelekea unjano. Mpira mweusi wa tairi ni shahidi wa pili, na bendera ya taifa iliyo mkiani ni wa tatu. Naisahihisha picha mpaka mashahidi hao wakubaliane, ndipo naisoma rangi ya utepe, na bado siiamini hadi niione ndani ya simuleta saa sita mchana na tena jua likizama. Nyeupe yenyewe siipaki kwa thamani ya juu kabisa ya 255. Naishusha hadi 235 hivi, kwa sababu rangi halisi haiakisi mwanga wote, na ndege yenye 255 huwaka kama taa ya chumbani.

Aluminiamu tupu ndiyo iliyonichosha na ndiyo ninayoipenda. American Airlines ilibaki na ndege za bati lililong'arishwa hadi ilipobadilisha sare mwaka 2013, na mashirika mengi ya miaka ya 1950 yaliacha tumbo la ndege bila rangi. Kwenye simuleta za zamani tulidanganya kwa kupaka kijivu na kuweka mawingu ya bandia juu yake, huku mng'aro ukiongozwa na tabaka la uwazi la picha. Simuleta za sasa hutaka useme ukweli: pamoja na picha ya rangi kuna picha ya pili inayoieleza kila pikseli kama ni chuma au si chuma, na kama ni laini au imekwaruza. Rangi ya msingi ya aluminiamu iko karibu na nyeupe kabisa, jambo linalowashtua wanaoanza, kwani kijivu tunachokiona kwenye bati ni anga na lami vinavyojitazama. Kosa la kawaida ni kulifanya bati lote liwe kioo kimoja. Tazama picha ya karibu ya ndege halisi: kila kipande cha bati kina mwelekeo wake wa mikwaruzo, kimoja kimechovya mwanga na jirani yake kimefifia, na kilichobadilishwa juzi kinang'aa kuliko vyote. Kwenye mabawa ya 707 sehemu ya katikati ilipakwa kinga ya kijivu dhidi ya kutu, kwa hiyo bawa lina kijivu kizito katikati na bati linalong'aa pembeni. Huipa kila sahani thamani yake ya ukwaruzi kwa mkono, sahani baada ya sahani. Ni kazi ya jioni nyingi, na sijaijutia hata mara moja. Dhahabu, kinyume chake, siitangazi kuwa chuma. Ni rangi ya kawaida iliyoelekea unjano na ukahawia, na ukiidanganya simuleta kwamba ni dhahabu ya kweli, itageuka nyeusi kila inapoakisi ardhi yenye kivuli.

Naombwa mara kwa mara kutumia picha za ndege za leo zilizovishwa sare za zamani kwa sherehe, kwa kuwa zipo nyingi, safi, za pande zote. Huzikataa. Mwaka 2019 British Airways ilipoadhimisha miaka 100 iliivisha Airbus A319 sare ya BEA ya mwaka 1959 hadi 1968, na ndege hiyo ni ya kupendeza. Lakini sare ile ilikuwa na mabawa mekundu, na kwenye A319 mabawa yalibaki kijivu ili kutimiza masharti ya sasa kuhusu uakisi wa mwanga. Atakayeinakili na kuirudisha kwenye Vanguard, ndege ya BEA ya enzi ile, atakuwa amepaka kumbukumbu ya kumbukumbu.

Mahali ambapo subira hupimwa hasa ni puani. Picha ya ngozi ya ndege ni kama kitambaa kilichokatwa na fundi cherehani: ubavu wa kushoto kipande chake, wa kulia chake, tumbo chake, na pua mara nyingi imevutwa na kupindwa ili ilale bapa. Utepe ulionyooka kwenye picha hupanda kama nyoka ukifika pale ambapo ndege inaanza kujikunja. Kabla ya kupaka chochote naiweka ndege nzima miraba yenye namba, nairusha hivyo hivyo kama ubao wa draftsi wenye mabawa, na kuandika kila mraba unakutana na upi kwenye mshono. Kisha nauchora utepe ukiwa umepinda kwa makusudi, ili upinde wa modeli uunyooshe. Kwenye 707 ile ya mwanzo tepe za kushoto na kulia zilikutana chini ya vioo vya rubani zikiwa zimepishana pikseli tatu. Pikseli tatu ni sentimita tatu na nusu, na kutoka kwenye mlango wa jengo la abiria hakuna atakayeziona. Nilizirudia mara kumi na moja.

Maandishi nayapitia haraka, maana nina neno moja tu la kusema: usikimbilie fonti. Helvetica ilizaliwa mwaka 1957, hivyo Constellation, ndege ya abiria ya Lockheed, ya mwaka 1950 iliyoandikwa kwa Helvetica imejishtaki yenyewe, na herufi nyingi za kabla ya hapo zilichorwa kwa ajili ya shirika husika wala hazimo kwenye orodha ya kompyuta yako. Zifuate moja moja kwa mistari ya vekta kutoka kwenye picha, ukikumbuka kwamba A ya kwanza na A ya pili kwenye neno lilelile zinaweza kutofautiana kidogo. Faili za mwisho, aircraft.cfg kwa simuleta za zamani au layout.json kwa zile za kuanzia 2020, ni karani tu. Ukisahau kuandikisha picha yako humo, ndege haitaonekana, na hapo utalaumu kila kitu isipokuwa karani.

Niliirudia 707 yangu upya. Slaidi niliigeuza, nikaitumia kwa ubavu wa kulia ambao ndio wake, na ubavu wa kushoto nikaungoja miezi miwili hadi ilipopatikana picha ya ndege hiyohiyo, yenye namba yake ya usajili ikisomeka, iliyopigwa majira yaleyale ya kiangazi. Bendera ilikuwa imeelekea upande mwingine, na utepe ulikuwa ukipinda nyuma ya mlango wa mwisho tofauti na nilivyokisia. Safari hii jina la faili lilikuwa na mwezi na mwaka ndani yake. Nilimtumia mzee kabla ya mtu mwingine yeyote, nikamwandikia, "Shikamoo mzee, naomba uikague." Alikaa nayo siku mbili.

"Marahaba, mwanangu," alijibu. "Milango imerudi kwao. Sasa nitazamie kizingiti cha mlango wa mbele. Ni kisafi mno. Abiria wako huingia wakiruka?"

Usiku ule niliongeza mikwaruzo ya kijivu chini ya mlango wa mbele wa kushoto, yenye kimo cha pikseli nne, mahali ngazi ilipokuwa ikigusa bati kila siku.